Kifungu cha Kumi na Tisa

Nililipwa kwa ukurasa, elfu kumi na tano,
kurasa mia mbili na nane, pambizo pana.
Nikajifungia Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
juu ya duka la Shebughe muuza matairi,
nikaugeuza mkataba wa chokaa uwe Kiswahili
ili madiwani wausome baada ya kutiwa saini.

Baada. Sikukosea.

"Mwekezaji" lilijiandika lenyewe.
"Serikali" pia, ingawa kila lilipotokea
lilifuatwa na haitaweza, haitabadili, itafidia.
Kilichonikalisha siku tatu ni kifungu cha kumi na tisa:
faida ambayo haijapatikana
ila imekwisha hesabiwa.
Bibi yangu angesema, mayai ya kuku
ambaye mwenyewe bado ni yai.
Niliandika "faida tarajiwa", nikashuka kula.

Kiomoni vumbi halitui, huhama tu:
kutoka kanga iliyoanikwa hadi kwenye uji,
kutoka uji hadi kope za darasa la tatu,
watoto wenye mvi hadi kengele ya mwisho.
Diwani Zuhura Semkiwa, mshona mapazia,
akasimama barazani na mkanda wa kupimia shingoni:
"Malori yafunikwe turubai. Basi.
Lori moja mita kumi na mbili, nimepima.
Nitashona mimi, kwa bei ya pazia."
Wakacheka, wakapitisha.
Sheria ndogo namba saba. Ndogo kweli,
mistari mitano.

Jibu lilikuja kurasa sitini.
Turubai hupunguza mwendo, walisema,
mwendo hupunguza safari, safari hupunguza tani,
tani kwa miaka thelathini ijayo,
zidisha, ongeza riba:
nchi nzima inadaiwa kwa sababu ya kitambaa.
Na shauri halisikilizwi Tanga, wala Dodoma,
bali ng'ambo, kwenye ukumbi wa hoteli,
mbele ya watatu wasiowahi kupiga chafya ya chokaa,
kila saa yao ina bei.
Nilikitafuta kijiji humo.
Kimo mara moja, kwenye ramani,
kimekosewa herufi.

Kidato cha pili nilisoma hadithi
ya kampuni iliyonunua mwezi
ikatoza kodi ya mbalamwezi.
Nilicheka hadi Mwalimu Mhina akaninyang'anya kitabu.
Mtunzi alikuwa na haya; aliipa kampuni mizinga na sare.
Hakudhani ingetosha bahasha ya kaki.
Kipindi kilichofuata, mwalimu yule yule, chaki ile ile:
pwani hii, Bagamoyo, Pangani, sisi,
iliwahi kukodishwa kwa kampuni,
Sultani akiwa bado kitini.
Tukanakili tarehe kwa ajili ya mtihani.
Hakuna aliyecheka.

Mwanasheria wa wizara alifika na basi la usiku,
Lwitiko, kijana mpole, macho mekundu.
Hakuamuru. Hilo liandikwe.
Alisema "tunashauri".
Alisema, "Hatuogopi kushindwa,
tunaogopa gharama ya kushinda."
Namba saba ikafutwa kwa hiari.
Hiari ni neno la muhtasari, nilipewa nilitafsiri.
Mikono iliyoinuka, ishirini na mmoja.
Usioinuka, mmoja, ulikuwa ukikunja mkanda.

Alinikuta ngazini.
"Wewe ndiye wa maneno. Lile la faida,
linakwenda na pumzi? Watoto wale
nao si wana pumzi tarajiwa?"
Nikarudi juu, nikapekua mia mbili na nane,
halafu sitini, bila malipo,
hadi Shebughe alipofunga duka.

Turubai moja alikwisha kuishona.
Wamelitundika madirishani, darasa la tatu.
Ndani giza; wanasoma kwa zamu mlangoni,
kitabu kimekunjuliwa kuelekea nje,
na lori likipita
anayesoma hufunga mdomo, husubiri,
huendelea alipoachia.